Ndoto za Kustaafu Nimezianza Nikiwa Bado Kazini

Kwa miaka mingi nimeishi na namba moja kichwani. Kila anayeweka akiba kwa nia ya kuacha ajira mapema anaijua: chukua matumizi yako ya mwaka mzima, zidisha mara 25, ukifika hapo una uhuru wa kifedha. Yangu niliijua kwa hali zote, ya kuishi kwa kubana na ya kuishi kwa nafasi. Kila mwisho wa mwezi mshahara ukiingia nilifungua jedwali langu, nikaongeza mstari mmoja, nikatazama nimefika asilimia ngapi. Ilikuwa starehe yangu, na nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Hesabu hiyo naiheshimu hadi leo, na kwa kuwa wengi huisikia nusunusu, naomba niieleze kidogo. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichukua kumbukumbu za masoko ya hisa na hatifungani za nchi hiyo tangu 1926 akajiuliza: mstaafu atoe asilimia ngapi ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha awe anaongeza kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, ili pesa zidumu miaka 30 hata kama alistaafu wakati mbaya kuliko wote? Jibu lilikuwa asilimia 4 hivi. Gawa 100 kwa 4, unapata 25: akiba ikiwa mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, asilimia 4 yake inatosha mwaka mzima. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, huko Texas, walilipima jambo hilo kwa njia yao na majibu yao hayakuwa mbali na yake. Kwa hiyo ni hesabu ya soko la nchi moja, kwa mstaafu wa miaka 30. Anayeacha kazi akiwa na miaka 45 anahitaji pesa za miaka 40 au 50, na anayewekeza kwenye soko jingine ana historia nyingine kabisa. Ichukue kama makadirio, uache nafasi ya kupumua.

Sasa, jedwali langu lilipoanza kukaribia mwisho, mume wangu aliniuliza swali ambalo halikuwa na safu kwenye jedwali lile. Tulikuwa tunapanga mwaka unaofuata, mimi nikimweleza kwa furaha kwamba tukiendelea hivi, tarehe yangu ya kuaga kazi inaonekana. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Tuseme ni Jumatatu ya kwanza, saa tatu asubuhi, mimi nimekwenda zangu na watoto hawapo. Unafanya nini?"

Nikamwambia nitapumzika. Akasema, "Hiyo ni Jumatatu ya kwanza. Na ya kumi?"

Sikuwa na jibu. Niliyajua kwa ufasaha mambo ninayoyakimbia: vikao visivyoisha, foleni ya asubuhi, simu za usiku. Ninachokiendea kilikuwa maneno matatu tu, "kusafiri, kupumzika, kusoma", na hata hayo nilikuwa nimeyachukua kwa watu wengine.

Nikaanza kutafuta nini huwapata watu wakishapata muda mwingi. Nililolipata na likanikaa rohoni ni habari ya Marienthal, kijiji cha kiwanda cha nguo nchini Austria. Kiwanda kilipofungwa kwenye mdororo wa uchumi wa kuamkia miaka ya 1930, karibu kijiji kizima kilikosa kazi. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuwaangalia watu wale, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Mtu angedhani wenye siku nzima mikononi wangesoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume walitembea barabarani polepole, wakisimama simama, na walipoulizwa wameitumiaje siku, wengi walikumbuka mambo machache mno. Najua hao walikuwa na njaa na hofu, na mstaafu mwenye akiba yake hawezi kulinganishwa nao moja kwa moja. Lakini Jahoda aliendelea na jambo hilo maisha yake yote, na baadaye akaeleza kwamba ajira, mbali na mshahara, hutupa vitu ambavyo hatuvioni mpaka vikatike: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo linalomzidi mtu mmoja, hadhi, na shughuli inayomlazimu mtu kuamka. Nilipoisoma orodha hiyo nilitazama tena jedwali langu. Nilikuwa nimepanga namna ya kufidia mshahara peke yake. Vingine vyote nilikuwa naviacha langoni siku ya kuaga.

Hapo ndipo nilipoandika orodha ya kila nilichokuwa nakiita "nikistaafu". Niliandika bila aibu, hata vile vidogo. Kujifunza useremala. Kufundisha watu wazima kusoma. Safari ndefu ya miguu milimani na mume wangu. Kukaa na mama anisimulie maisha yake tangu utotoni. Kuhamia mahali pa kimya, mbali na kelele za watu. Kujifunza kuogelea vizuri. Kisha mbele ya kila kimoja nikaandika kinahitaji nini hasa: pesa, muda, mwili wenye nguvu, au mtu fulani awe hai na mwenye afya.

Nawasihi wenzangu mliomo kwenye safari hii mfanye zoezi hilo kabla ya lingine lolote. Kwenye orodha yangu kitu kimoja tu, kile cha kuhama, ndicho kilichodai pesa nyingi. Vilivyobaki vilidai saa chache kwa wiki, magoti mazima, na mama. Na kati ya hivyo vyote, pesa ndiyo pekee inayoongezeka kwa kungoja. Faida huzaa faida nikiwa nimelala, lakini magoti hayazai magoti, na mama yangu hawi kijana kadiri akiba yangu inavyokua. Nilikuwa nimevifunga vitu vyangu vyote kwenye tarehe ambayo ni kimoja tu kati ya vitu hivyo kilichoihitaji.

Hata hiyo desturi ya kuyagawa maisha mawili, kazi kwanza kisha kuishi, haina umri mrefu. Ujerumani ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, enzi za Kansela Otto von Bismarck, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na ulishushwa hadi 65 mwaka 1916. Pensheni ile ilikusudiwa kumsitiri mzee asiyeweza tena kufanya kazi. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu ajinyime mambo anayoyapenda miaka 40 ili aje ayafanye baada ya hapo. Mzigo huo tumejitwisha wenyewe.

Nilianza na useremala, kwa sababu ndio ulionivuta tangu utotoni. Nilimtafuta fundi mwenye karakana ndogo, nikamwomba aniruhusu nije Jumamosi asubuhi nijifunze kwa kushika. Alinitazama mikono, akacheka kidogo, akakubali.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa stuli ya miguu minne, isiyotumia msumari hata mmoja. Mguu unachongwa ulimi kwenye ncha, ulimi unaingia kwenye tundu lililotobolewa kwenye ubao wa kukalia. Nilichonga ulimi wangu kwa uangalifu wote, nikausukuma kwa mkono. Ukaingia nusu, ukakataa. Nikanyoosha mkono kuchukua nyundo. Fundi akaishika nyundo kabla yangu.

"Dada, ukilazimisha, ubao utapasuka. Utoe, uutazame."

Nikautoa. Sikuona kitu. Akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza polepole, na kweli, kwenye upande mmoja palikuwa na alama ndogo inayong'aa kama imepigwa rangi. Pale ndipo mbao ilipokuwa ikisuguana na ukuta wa tundu. "Inakuonyesha yenyewe inapobana," akasema. Akanipa patasi, nikaondoa pale tu, ganda jembamba la kupitisha mwanga. Nikajaribu tena. Pakang'aa mahali pengine. Nikaondoa. Ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi ile, na mguu ulipoingia hatimaye kwa kusukumwa na kiganja, ukatulia bila kucheza, nilisikia furaha ambayo kwa miaka mingi sikuwa nimeisikia kazini. Kitu kilikuwa kimekamilika, kinaonekana, na kesho hakitafutwa na barua pepe ya mkubwa yeyote.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi nililojifunza karakanani, ambalo jedwali lisingenifundisha. Kuishi ndoto nako ni ujuzi, na ujuzi unadai miaka. Ningengoja kustaafu ndipo nishike patasi, ningeanza nikiwa mgeni kabisa, na macho yaliyopungua nuru, bila fundi anayenifahamu, bila wenzangu wa kuulizana nao. Sasa siku ya kuaga ikifika nitakuwa naingia mahali ninapojulikana kwa jina na ninapojua zana zinakaa wapi.

Ile ndoto ya kuhamia mahali pa kimya niliijaribu kwa likizo. Nilikodi nyumba ya mbali, nikaenda peke yangu na vitabu. Siku za mwanzo zilikuwa tamu kwelikweli. Kisha nikaanza kutafuta visingizio vya kwenda dukani, nipate tu mtu wa kusalimiana naye. Kabla likizo haijaisha nilikuwa nimeelewa kwamba nilichokuwa nakihitaji ni usingizi wa kutosha, na nilikuwa nimeupata. Nikaifuta ndoto hiyo, na hapa ndipo wapenda hesabu mnisikilize: kwa kuwa nyumba ile ilikuwa ndani ya matumizi yangu ya uzeeni, kuifuta kulishusha namba yangu yote. Kila kiasi kinachoondoka kwenye matumizi ya mwaka hushusha lengo kwa kiasi hicho mara 25. Kuijaribu ndoto kabla ya kuilipia ni sehemu ya mipango ya fedha, ingawa ni nadra washauri wa fedha kuliweka hivyo.

Darasa la watu wazima ndilo lililonigusa kuliko yote. Ni jioni moja kwa wiki, kwenye chumba cha kuazima, watu ambao kwa sababu mbalimbali hawakupata kusoma walipokuwa wadogo. Nilienda nikidhani nitatoa msaada. Yupo mzee mmoja ambaye alikuja na lengo moja tu, asome mwenyewe maelezo ya dawa zake, amechoka kumwomba mjukuu. Siku aliyoleta boksi lake la dawa alilikunjua lile karatasi la ndani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akakisogeza herufi kwa herufi. "Ma-ra. Mara. Mbi-li." Akasimama, akarudi mwanzo. "Mara mbili." Kidole kikaenda mpaka mwisho wa mstari, "kwa siku", na darasa zima likawa kimya kumsubiri amalize. Alipomaliza alilikunja lile karatasi taratibu akalirudisha. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wiki ijayo upo?"

Swali hilo limenifundisha maana ya kuwa na kusudi kuliko yote niliyowahi kusoma. Kazini nina cheo, ila nikiondoka leo nafasi yangu itatangazwa kesho. Pale darasani kuna mtu anayenitarajia mimi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, ambao umewafuatilia watu tangu ujana wao hadi uzeeni, umesisitiza jambo hili kwa muda mrefu: ubora wa mahusiano na watu unaendana sana na afya na furaha ya uzeeni. Wengi tunalijua. Kigumu ni kwamba mahusiano hayanunuliwi kwa mkupuo siku ya kupokea kiinua mgongo. Yanajengwa Jumanne hadi Jumanne, kwa kufika ulipoahidi kufika.

Kuhusu mama sitasema mengi. Nimeanza kwenda kwake na simu, nairekodi sauti yake, namuuliza kuhusu shule yake, rafiki zake, siku alipokutana na baba. Mara ya kwanza alinikazia macho. "Mwanangu, hayo mbona hukuwahi kuniuliza?" Akaendelea kusimulia mpaka giza likaingia. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwenye jambo hili hata siku ya likizo haihitajiki, ni kwenda tu.

Mambo haya yote yalihitaji muda, na muda ndio nilioukosa. Basi nikarudi kwenye hesabu, safari hii nikiuliza swali jingine: nikifanya kazi siku nne badala ya tano, na mshahara ukapungua kwa moja ya tano, nitachelewa kiasi gani?

Chukua mfano wa mtu anayetumia 65 katika kila 100 anayopata, 35 anaweka. Tuseme amekwisha kujikusanyia mara 15 ya matumizi yake ya mwaka, na uwekezaji wake unakua kwa asilimia 5 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Hayo ni makadirio tu, soko halimwahidi mtu. Akiendelea na siku tano atafika mara 25 kwa karibu miaka 6.7. Akipunguza siku moja, mapato yanakuwa 80, matumizi yanabaki 65, akiba inashuka hadi 15. Mtu angetarajia safari irefuke mara mbili, kwa kuwa akiba imepungua zaidi ya nusu. Inachukua karibu miaka 8.4. Kwa nini? Kwa sababu akifikia hatua hiyo, kazi kubwa inafanywa na pesa zilizokwisha kuwekwa. Hata asipoongeza kitu kabisa atafika kwa miaka 10 na nusu.

Kwa hiyo anachelewa mwaka mmoja na miezi minane hivi, sawa na siku za kazi 400 na kidogo. Na siku moja huru kila wiki kwa miaka 8.4, ukitoa likizo, nazo zinakaribia 400. Siku zinalingana! Hakuna anayeongezewa wala kupunguziwa. Tofauti ni kwamba hizi anazipata sasa, watoto wakiwa nyumbani, mama akiwa anakumbuka, mwili ukiwa unapanda mlima. Nilipoiona hesabu hiyo nilimwita mume wangu aje aihakikishe, kwa sababu sikuamini.

Kumweleza mwajiri kulinipa hofu zaidi kuliko hesabu. Nilikwenda na mpango wa maandishi: kazi gani nitaendelea nazo, zipi zihamie kwa nani, na tujaribu kwa muda kisha tutathmini. Walikubali kwa shingo upande, wakaona kazi haijalala, tukaendelea. Najua si kila mahali hilo linawezekana, na ningeona vibaya kumwandikia mtu anayelipwa kwa kutwa kana kwamba anaweza kuagiza siku ya mapumziko. Mwenye madeni mazito alipe kwanza. Asiye na akiba ya dharura ya miezi kadhaa aanze na hiyo, maana ndoto iliyojengwa juu ya wasiwasi haimpi mtu raha. Lakini useremala wangu ulianza kwa Jumamosi asubuhi, na darasa kwa jioni moja, nikiwa bado nafanya kazi siku zote tano. Muda huo ulikuwepo, niliupata simu yangu ilipobaki kabatini.

Kitu kimoja kimenishangaza. Tangu nianze haya, kazi yenyewe imepungua uzito. Vikao ni vilevile. Ila sasa siku nikikosolewa haivunjiki yote, kwa kuwa sijaweka heshima yangu yote mahali pamoja. Wapo wanaoogopa kwamba wakianza kuonja maisha watapoteza hamu ya kuweka akiba. Kwangu imekuwa kinyume: najua ninachokiwekea, kwa hiyo naweka bila kujikamua, na vitu nilivyokuwa nikinunua kujipoza baada ya wiki ngumu sivitaki tena.

Safari ya milimani bado. Tumeanza mazoezi ya kutembea alfajiri, na mume wangu, aliyekuwa akilalamika kuhusu viatu, sasa ndiye anayeniamsha. Tumekubaliana tutaenda msimu ujao wa kiangazi, kwa likizo ya kawaida, na njia fupi kuliko ile niliyokuwa nikiiota.

Na kuhusu namba, tumeiandikia makubaliano tukiwa bado hatujafika, kwa sababu tumewaona wengi waliofika wakasema "mwaka mmoja zaidi", kisha mwingine, kisha mwingine. Tumeandika matumizi yetu ya kweli, tukaongeza akiba ya tahadhari juu ya ile mara 25, tukaandika kiasi kamili. Chini yake tumeandika kwamba kikifikiwa, sitaongeza mwaka kwa sababu ya woga peke yake. Nikitaka kuendelea na kazi, nitalazimika kumweleza mume wangu kwa maneno ni nini hasa kwenye kazi ile ninachokipenda, na yeye ndiye atakayeamua kama ameridhika na jibu. Tumetia sahihi wote wawili, na karatasi anayo yeye.